Kutoka Diploma hadi Kazi: Ulezi wa Wanachuo Wayahudi katika Amerika ya Kaskazini, 1908–1964

0. Utangulizi

Makala haya yanachunguza namna wenye taaluma, hasa mawakili, madaktari na walimu wa vyuo vikuu, walivyowasaidia wanachuo Wayahudi wa Amerika ya Kaskazini kuvuka kutoka darasani hadi kazini. Muda unaochunguzwa unaanza mwaka 1908, ilipofunguliwa mjini Boston ofisi inayohesabiwa kuwa ya kwanza ya aina yake katika kuwashauri vijana juu ya kuchagua kazi. Unaishia mwaka 1964, sheria ya haki za raia ilipokataza nchini Marekani kumnyima mtu kazi kwa sababu ya rangi, dini, jinsia au asili yake. Kati ya miaka hiyo miwili kuna kisa kirefu cha vijana waliofaulu mitihani yao vizuri, kisha wakakuta milango ya kazi imefungwa.

Suala lenyewe ni hili: diploma hushuhudia kwamba mwenye nayo amejifunza, lakini haisemi ni nani atakayempokea. Kwa kijana ambaye baba yake ni wakili, pengo hilo halionekani. Amekwisha kusikia mezani namna mawakili wanavyozungumza, anazijua ofisi zao, na jina lake limetangulia kufika kabla yake. Kwa mtoto wa fundi cherehani aliyetoka ng'ambo, pengo hilo ni bonde. Wahenga walisema kwamba mkono mmoja haulei mwana. Basi nani atakuwa mkono wa pili pale ambapo mzazi hana habari ya kazi anayoitaka mwanawe?

Kabla ya kuendelea, inafaa istilahi zifafanuliwe. Kiswahili kina maneno kadhaa yanayolikaribia jambo hili. Mwanagenzi ni yule anayejifunza kazi kwa kuifanya, chini ya macho ya fundi. Mnasihi ni mwenye kutoa shauri. Mdhamini ni yule anayesimama kwa ajili ya mwingine, hata akikosea huyo mwingine, hasara humfikia yeye aliyesimama. Mlezi ni neno pana zaidi, kwa kuwa mlezi hulisha, hufunza, huonya na hutetea. Katika makala haya, ulezi wa kazi utatumika kwa jumla ya mambo hayo yote. Lakini unasihi na udhamini vitatengwa, kwa maana historia yenyewe inaonyesha kwamba havina uzito mmoja.

1. Asili ya wanachuo hao

Baada ya Mfalme Alexander wa Pili wa Urusi kuuawa mwaka 1881, Wayahudi wa himaya yake walishambuliwa katika miji mingi, na sheria kali zikawabana katika makazi na masomo. Tangu mwaka huo hadi 1924, Wayahudi wapatao milioni mbili kutoka Ulaya ya Mashariki waliingia Marekani. Mwaka 1924 sheria mpya ya uhamiaji ilipunguza sana idadi ya walioruhusiwa kuingia. Wengi wao walishukia New York, wakajazana katika mitaa ya Lower East Side, na wakafanya kazi ya kushona nguo, kuchuuza bidhaa au kuuza katika vijiduka.

Wazazi hawa waliithamini shule kupita kiasi. Mji wa New York ulikuwa na City College, chuo kilichoanzishwa mwaka 1847 ambacho hakikutoza karo hadi mwaka 1976. Nacho Hunter College kiliwapokea wasichana kwa masharti hayohayo. Katika miaka ya 1920 na 1930, City College ilijaa watoto wa wahamiaji Wayahudi. Walilala nyumbani kwao, wakaja chuoni kwa treni, na jioni wengi wao walifanya kazi ndogondogo ili kusaidia familia. Walipata elimu nzuri bila malipo. Walichokosa ni ujirani na watu wa kazi walizozitamani.

Walikuwapo Wayahudi waliotangulia, hasa wale waliotoka Ujerumani katikati ya karne ya 19. Hao walikuwa wameanzisha chama cha B'nai B'rith mwaka 1843, na mwaka 1889 walianzisha Educational Alliance katika Lower East Side ili kuwafundisha wageni lugha na desturi za nchi. Msaada wao ulikuwa wa kweli, ingawa haukukosa majivuno. Waliotangulia walichelea kwamba wageni, kwa mavazi na matamshi yao, wangewatia aibu mbele ya wenyeji. Ulezi, tangu mwanzo wake, ulichanganyika na hofu ya mlezi juu ya heshima yake mwenyewe.

Tofauti kati ya ulezi wa chuoni na ule wa dukani yaweza kueleweka kwa kutazama Wayahudi walioishi Katanga. Sinagogi la Lubumbashi, lililojengwa yapata mwaka 1930 mji ulipokuwa ukiitwa Elisabethville, ni ukumbusho wa jamii ambayo wengi wake walitoka kisiwa cha Rhodes. Kijana wa Rhodes aliitwa na ndugu yake aliyetangulia, akawekwa nyuma ya meza ya duka, akajifunza hesabu, bei na lugha za wanunuzi, na baada ya miaka michache aliweza kufungua duka lake. Hapo ukoo ulitosha. Mlezi, mwajiri na mjomba walikuwa mtu mmoja. Lakini uwakili, udaktari na ualimu wa chuo kikuu ni kazi ambazo funguo zake zilikuwa mikononi mwa watu wasio wa ukoo, na mara nyingi mikononi mwa watu wasiompenda Myahudi. Ugumu wa kisa cha Amerika ya Kaskazini umo hapo.

2. Boston, 1908: shauri linageuka kuwa taaluma

Katika mtaa wa North End mjini Boston, uliokuwa umejaa Waitalia na Wayahudi, kulikuwa na nyumba ya huduma kwa wahamiaji iliyoitwa Civic Service House. Mkurugenzi wake alikuwa Meyer Bloomfield, Myahudi aliyezaliwa Bucharest mwaka 1878, akalelewa Lower East Side na kupata digrii yake Harvard. Pamoja naye alifanya kazi Frank Parsons, Mkristo, mwenye elimu ya uhandisi na sheria. Mwezi Januari 1908, kwa fedha za Bibi Pauline Agassiz Shaw, walifungua Vocation Bureau, yaani ofisi ya kuwashauri vijana juu ya kazi.

Njia ya Parsons ilikuwa na hatua tatu. Kwanza, kijana ajichunguze mwenyewe: uwezo wake, mapenzi yake, upungufu wake na mali aliyo nayo. Pili, azijue kazi zenyewe: masharti, mshahara, faida na hasara zake. Tatu, ayalinganishe mambo hayo mawili kwa akili iliyotulia. Parsons alifariki mwezi Septemba mwaka huohuo, na kitabu chake kikachapishwa mwaka 1909. Bloomfield akashika uongozi wa ofisi, akaeneza mafundisho hayo nchini kote, na mwaka 1911 alifundisha somo hilo Harvard.

Jambo la kutazamwa hapa ni hatua ya pili. Kijana aweza kujichunguza peke yake. Kuijua kazi hawezi, ila aambiwe na mwenye kuifanya. Wakili ndiye ajuaye kwamba kijana wa ofisini hupoteza miaka ya kwanza katika kusoma makaratasi ya wengine. Daktari ndiye ajuaye ni hospitali gani humfundisha mwanagenzi na ni ipi humtumia tu. Kwa hiyo ofisi za ushauri zilihitaji tangu mwanzo watu wa kazi mbalimbali walio tayari kuketi na vijana na kuwaeleza ukweli. Kile ambacho familia za zamani zilikipata bure mezani, watoto wa wahamiaji walitengenezewa kwa mpango.

Hata hivyo, njia ya Parsons ilikuwa na dhana iliyojificha ndani yake. Ilichukulia kwamba kijana akijijua na akiijua kazi, kazi nayo itampokea. Miaka iliyofuata iliivunja dhana hiyo.

3. Milango inafungwa

Mwaka 1900 Wayahudi walikuwa kama asilimia 7 ya wanafunzi wa Harvard. Kufikia mwaka 1922 walikuwa wamezidi asilimia 20. Rais wa chuo, A. Lawrence Lowell, alipendekeza mwaka huo wawekewe kikomo cha asilimia 15. Huyu ndiye Lowell ambaye mwaka 1916 alitia sahihi waraka wa kumpinga Louis Brandeis, wakili wa Boston, asiwe Myahudi wa kwanza kuingia Mahakama ya Juu ya Marekani. Pendekezo la kikomo lilikataliwa na kamati ya walimu mwaka 1923, lakini lililoshindwa mlangoni liliingia dirishani. Fomu za kuomba nafasi zilianza kuuliza asili ya familia na kama jina la baba limewahi kubadilishwa, picha ikatakiwa, na kipimo cha tabia kikawekwa juu ya kipimo cha mtihani. Idadi ya Wayahudi ikashuka bila ya neno kikomo kuandikwa popote.

Vyuo vingine vilifanya vivyo hivyo, na shule za udaktari zilizidi. Katika miaka ya 1930 vijana wengi wa New York waliokataliwa nchini kwao walisafiri hadi Scotland na Uswisi ili wasomee udaktari huko. Aliyebahatika kuingia shule ya udaktari alikutana na mlango wa pili, yaani hospitali ya kufanyia uanagenzi. Katika sheria, ofisi kubwa za mawakili za New York hazikuajiri Wayahudi isipokuwa kwa nadra. Felix Frankfurter, aliyehitimu Harvard mwaka 1906 akiwa miongoni mwa wa kwanza, alipopata nafasi katika ofisi moja ya namna hiyo alishauriwa abadili jina lake. Alikataa.

Kisa kilichofichua mambo zaidi ya vyote kilitokea Kanada, katika mji wa Montréal, mwaka 1934. Samuel Rabinovitch alikuwa amehitimu udaktari katika Université de Montréal akiwa wa kwanza katika darasa lake, na Hospitali ya Notre-Dame ilimpa nafasi ya uanagenzi. Mwezi Juni, madaktari wanagenzi wenzake walitoka wakaacha wagonjwa, wakisema hawatafanya kazi na Myahudi. Wanagenzi wa hospitali nyingine za mji wakawaunga mkono. Baada ya siku chache Rabinovitch alijiuzulu ili wagonjwa wasidhurike.

Hapo hakuna upungufu wowote wa kijana. Alijijua, aliijua kazi, alikuwa wa kwanza, na hospitali yenyewe ilikuwa imemkubali. Hatua zote tatu za Parsons zilikuwa zimetimia. Kilichokosekana ni mtu mwenye nguvu ndani ya nyumba ile, ambaye angesema kwamba kijana huyu haondoki.

4. Unasihi na shauri la kugeuka njia

Jamii za Wayahudi hazikukaa kimya. Katika Chuo Kikuu cha Illinois, Edward Chauncey Baldwin, mwalimu Mkristo, aliona kwamba wanafunzi wake Wayahudi hawakuwa na mlezi wala mahali pa kukutania. Kwa juhudi zake na za rabi kijana, Benjamin Frankel, jumuiya ya Hillel ilianzishwa huko mwaka 1923, nayo B'nai B'rith ikaichukua chini ya ulinzi wake. Hillel ilikuwa kwanza nyumba ya dini na utamaduni; lakini palipokutanika wanafunzi na wazee wa mji, mazungumzo ya kazi hayakukosa kuzuka.

Kwa upande wa kazi hasa, miji mikubwa ilianzisha mashirika ya Kiyahudi ya huduma za kazi, likiwamo la Detroit mwaka 1926 na la Boston mwaka 1938. Mwaka huo wa 1938 B'nai B'rith ilifungua ofisi yake ya ushauri wa kazi, na mwaka 1939 likaundwa baraza la kuyaunganisha mashirika hayo. Wakati ulikuwa mgumu mno. Mdororo wa uchumi ulioanza mwaka 1929 haukuwa umekwisha. Wakimbizi kutoka Ujerumani ya Hitler walikuwa wakifika, miongoni mwao madaktari na mawakili ambao diploma zao hazikutambuliwa. Na matangazo ya kazi yaliyotaka Wakristo peke yao yalichapishwa magazetini waziwazi.

Katika hali hiyo wanasihi walianza kutoa shauri ambalo lilizusha ubishi. Walisema kwamba vijana Wayahudi wamejazana katika kazi chache, hasa udaktari, uwakili, ualimu na biashara, na kwamba msongamano huo unawachongea chuki. Basi wafundishwe kutawanyika: waingie katika ufundi, kilimo, uhandisi na kazi za viwandani.

Shauri hilo lilikuwa na hoja mbili zilizofungwa pamoja, na ni lazima zitenganishwe. Hoja ya kwanza ni ya riziki: ikiwa shule ya udaktari itawakataa waombaji wengi kuliko itakaowapokea, ni dhuluma kumwacha kijana maskini apoteze miaka minne akingojea. Mlezi asiyemwambia mwanawe kwamba mto una mamba, hampendi. Ivushayo ni mbovu, na aliyevuka kwa ngalawa mbovu amevuka. Hoja ya pili ni ya siasa: kwamba Wayahudi wakipungua katika kazi za heshima, chuki nayo itapungua. Hoja hii iliigeuza dhuluma kuwa kosa la aliyedhulumiwa. Iliuchukua ukuta kama jambo la maumbile, mfano wa mlima, na kumfundisha kijana kuuzunguka. Nayo haikumuuliza aliyeujenga.

Aidha, njia ya kuzunguka haikuwa wazi kama ilivyodhaniwa. Makampuni mengi ya uhandisi na viwanda vya kemikali nayo hayakuwataka Wayahudi. Kijana aliyeacha udaktari kwa kufuata shauri aliweza kujikuta mbele ya ukuta mwingine, safari hii bila hata kazi aliyoipenda. Vijana wengi hawakulifuata shauri hilo. Waliendelea kuomba nafasi za udaktari na sheria, na wazazi wao wakaendelea kushona nguo ili kuwalipia.

5. Kujenga nyumba yao wenyewe

Jibu jingine lilikuwa kuongeza milango. Hospitali za Kiyahudi zilikuwapo tangu zamani. Ile ya New York, iliyoundwa mwaka 1852 kwa jina la Jews' Hospital na kuitwa Mount Sinai tangu mwaka 1866, ilianzishwa kwa ajili ya wagonjwa. Lakini kadiri hospitali nyingine zilivyowafungia nje wanagenzi Wayahudi, ndivyo hospitali za namna hii zilivyogeuka kuwa shule za madaktari wao. Mjini Montréal, hospitali ya Kiyahudi ilifunguliwa mwaka uleule wa 1934, miezi michache baada ya mgomo wa Notre-Dame.

Faida ya nyumba hizi haikuwa nafasi tu. Humo daktari mkuu alimfundisha mwanagenzi namna ya kusimama mbele ya mgonjwa, namna ya kuandika taarifa, namna ya kukiri kwamba hajui. Ulezi ulifanyika pamoja na kazi yenyewe, kama fundi na mwanagenzi wake. Tena, milango ya hospitali hizi ilikuwa wazi kwa wagonjwa wa kila dini, nazo zilipata sifa hata mbele ya wale waliowakataa madaktari wake.

Jengo la mwisho katika mfululizo huu ni chuo kikuu. Mwaka 1948 kilifunguliwa Chuo Kikuu cha Brandeis karibu na Boston, kikipewa jina la yule jaji ambaye Lowell alimpinga. Rais wake wa kwanza, Abram Sachar, alikuwa ameiongoza Hillel ya nchi nzima kwa miaka mingi. Mtu aliyewalea wanafunzi katika vyuo vya wengine akapewa chuo cha kulelea. Mwaka 1955 ikafuata shule ya udaktari yenye jina la Albert Einstein katika New York. Zote mbili zilipokea wanafunzi bila kuuliza dini.

Hata hivyo, nyumba yako mwenyewe ina mpaka wake. Hospitali moja haiwezi kuwapokea waliofungiwa na ishirini. Na palipo na nyumba ya kando, mwenye nyumba kuu huweza kusema kwamba hana deni, maana wale wana kwao.

6. Udhamini: mwenye jina anapolikopesha

Njia ya tatu haikuhitaji jengo wala ofisi. Ilihitaji mtu aliyekwisha kuingia ndani. Frankfurter ni mfano wake ulio wazi. Yeye mwenyewe alifika New York kutoka Vienna mwaka 1894 akiwa mtoto, bila kujua Kiingereza, akapitia City College. Aliyemwinua alikuwa Henry Stimson, Mkristo wa familia kongwe, aliyemchukua kuwa msaidizi wake katika ofisi ya mwendesha mashtaka wa serikali. Mwaka 1914 Frankfurter akawa mwalimu wa sheria Harvard, na tangu hapo hadi alipoingia Mahakama ya Juu mwaka 1939 aliwapeleka wanafunzi wake, Wayahudi na wasio Wayahudi, kwa majaji na katika wizara za serikali ya Rais Roosevelt. Jaji Brandeis aliwapokea wasaidizi aliochaguliwa na Frankfurter bila hata kuonana nao kwanza. Neno la mwalimu lilitosha.

Alipokuwa jaji, Frankfurter alivuka mpaka mwingine. Mwaka 1948 alimwajiri William T. Coleman, aliyekuwa Mmarekani Mweusi wa kwanza kuwa msaidizi wa jaji katika Mahakama ya Juu. Baadaye Coleman alishiriki kuandaa hoja za kesi ya Brown, ambayo mwaka 1954 ilibatilisha ubaguzi katika shule za serikali, na mwaka 1975 akawa waziri wa uchukuzi.

Lakini mwaka 1960 Frankfurter huyohuyo aliletewa jina la Ruth Bader Ginsburg. Huyu alizaliwa Brooklyn mwaka 1933, akasoma Cornell, kisha sheria katika Harvard na Columbia, ambako mwaka 1959 alihitimu akiwa sawa na wa kwanza katika darasa. Ofisi za mawakili za New York hazikumpa kazi: alikuwa Myahudi, mwanamke na mama wa mtoto. Aliyependekeza jina lake kwa Frankfurter alikuwa mwalimu wa Harvard. Jaji alijibu kwamba hakuwa tayari kuajiri mwanamke. Mtu aliyekataa kubadili jina lake, aliyewafungulia wanafunzi wengi, na aliyemwingiza Coleman, alisimama mlangoni akawa mlinzi.

Aliyekuwa amempatia Ginsburg njia mwaka uliotangulia ni Gerald Gunther, mwalimu wake wa Columbia, ambaye mwenyewe aliikimbia Ujerumani ya Hitler akiwa mtoto. Gunther alimwendea Jaji Edmund Palmieri wa mahakama ya shirikisho mjini New York. Palmieri alisitasita, akihofu kwamba mama mwenye mtoto mdogo hataweza kazi. Gunther akampa masharti mawili: msichana akishindwa, kijana mwingine yuko tayari kushika nafasi yake, jaji akikataa kumjaribu, Gunther hatampelekea tena mwanafunzi yeyote wa Columbia. Palmieri alikubali. Ginsburg alifanya kazi kwake tangu mwaka 1959 hadi 1961, na kuanzia mwaka 1993 hadi kifo chake mwaka 2020 alikuwa jaji wa Mahakama ya Juu.

Hapa tofauti kati ya mnasihi na mdhamini inadhihirika. Mnasihi angemwambia Ginsburg ukweli, kwamba ofisi hazimtaki, na pengine angemshauri atafute kazi nyingine. Gunther aliweka rehani kitu chake mwenyewe, yaani uaminifu wa neno lake kwa majaji. Kama Ginsburg angeshindwa, hasara ingekuwa ya wote wawili.

Kisa cha Rosalyn Yalow kinaonyesha upande wa pili. Alizaliwa Bronx mwaka 1921 na kusoma fizikia Hunter College. Walimu wake walimtia moyo na kumwandikia barua, lakini chuo kimoja kilijibu kwamba msichana ni Myahudi na ni wa New York, na kwamba kingempokea iwapo tu mwalimu angehakikisha atapata kazi baada ya masomo. Uhakika huo hakuna aliyeweza kuutoa. Kwa hiyo alipangiwa kazi ya ukarani kwa mwanasayansi mmoja wa Columbia na kuanza kujifunza hatimkato, kwa tumaini la kuyapata masomo kwa mlango wa nyuma. Mwaka 1941 Chuo Kikuu cha Illinois kilimpa nafasi. Vita vilikuwa vinakaribia na vijana wa kiume walikuwa wakiitwa jeshini. Katika kitivo chake cha uhandisi, chenye walimu na wasaidizi 400, alikuwa mwanamke pekee. Mwaka 1977 alipata Tuzo ya Nobel ya tiba kwa njia ya kupima viwango vidogo mno vya homoni katika damu, aliyoibuni pamoja na daktari Solomon Berson. Moyo aliotiwa na walimu wake ulikuwa wa thamani. Lakini mlango ulifunguliwa na vita.

7. Sheria na mwisho wa kikomo

Mwaka 1948 jimbo la New York lilipiga marufuku vyuo kuwabagua waombaji kwa dini au rangi, na katika miaka iliyofuata vikomo vilififia. Sheria ya mwaka 1964 ikaufikisha ulinzi huo kazini. Mashirika ya Kiyahudi ya huduma za kazi hayakufungwa. Mengi yaligeuka kuwahudumia wahamiaji na wasio na kazi wa kila dini na taifa. Walezi wa miaka ya kwanza wasingeshangaa, kwa kuwa elimu waliyoikusanya ilifaa kwa kila mtoto anayetamani kazi ambayo hakuna aliyeifanya katika nyumba yao.

8. Hitimisho

Uchunguzi huu umeonyesha kwamba msaada ambao wanachuo Wayahudi waliupata haukuwa wa aina moja. Unasihi uliwapa maarifa ya kazi, nao ulikuwa wa lazima. Lakini ulipobanwa na ubaguzi, ulielekea kuwafundisha vijana kuupokea ukuta. Hospitali na vyuo vya jamii viliwapa nafasi na mazoezi, ingawa haviwezi kuwatosha wote. Udhamini uliwagusa wachache tu, lakini ndio ulioingia ndani ya nyumba kuu, kwa kuwa mtu aliyekuwa na heshima humo alikubali kuihatarisha. Kisa cha Frankfurter kinaonya pia kwamba aliyefunguliwa mlango hafungui kila mlango kwa sababu hiyo tu; kila kizazi huwa na mtu ambaye hata watu wema hawako tayari kumpokea.

Ikumbukwe vilevile kwamba Baldwin, Stimson na Palmieri hawakuwa Wayahudi. Undugu wa damu na dini ulizaa huruma na mipango, lakini ufunguo ulikuwa kwa yeyote aliyeushika. Hili linavihusu vyuo vikuu vyote vinavyotoa diploma katika miji ambamo kazi ni chache na majina yanayojulikana ni machache zaidi. Katika Kiswahili, mwenye kutoa barua ya sifa na mwenye kudhamini si mtu mmoja: wa kwanza huandika ayajuayo, wa pili hulipa mambo yakiharibika. Mhitimu asiye na ukoo katika kazi yake amekuwa akipewa barua. Aliyekosa ni yule wa pili.